Mwaka Tuliokuwa Wawili

Walimu vijana wa nasari niliyoiacha Ruiru waliniomba niwaandikie kitu kuhusu kazi. Walitaka mambo ya kuwasaidia: namna ya kutuliza darasa la watoto arobaini wa miaka minne, namna ya kupata vifaa vya hesabu bila kununua. Hayo yatakuwemo. Habari za kupandishwa cheo nitaziacha, kwa kuwa nilipandishwa mara moja tu na hata mke wangu hakuona tofauti. Lakini kuna jambo nililolifanya miaka ya mwisho mwisho, na nisipoliandika, hayo mengine yote mtakuwa mmeyapokea kutoka kwa mtu msiyemjua.

Mimi ni Idi, mzaliwa wa Majengo, Thika. Nilikuwa nimeomba kazi ya shule ya msingi. Karani wa elimu akaniambia nafasi zimejaa, imebaki moja ya watoto wadogo, akaniuliza kama nitaona haya. Nikasema sioni. Nilikuwa naona.

Nasari yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya mabati karibu na soko. Mwalimu mkuu alikuwa mama mmoja mnene, Mwalimu Nyambura, aliyefunga kitambaa kichwani na kubeba mtoto wa mtu mgongoni. Aliponiona mlangoni alisema, "Fundi, choo kiko nyuma."

"Mimi ni mwalimu mpya," nikamwambia, nikampa barua.

Akaisoma. Akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kingine. "Haiya! Wameniletea mwanaume," akasema. "Basi ingia. Lakini hiyo tai utoe, hawa watakunyonga nayo."

Kufika saa nne mtoto mmoja alikuwa amenikojolea kiatu, na mwingine amelala kwenye mkono wangu, nikaogopa kuusogeza mpaka ukafa ganzi. Nyambura alinikuta nikiwahutubia watoto kama diwani, nimesimama wima. Akanivuta shati.

"Piga magoti, Idi. Mtoto haongei na mshipi wa suruali."

Mambo mengi mnayoyajua leo nimeyatoa kwa mama huyo. Vifuniko vya soda, kumi kumi kwenye waya, ndivyo vilivyokuwa hesabu zetu. Maharagwe tuliyaacha baada ya moja kuingia puani na mtoto kupelekwa hospitali. Ukitaka darasa linyamaze, usipandishe sauti, ishushe mpaka wainame kukusikia. "Karamu" za watoto, kama alivyozitamka kalamu, zikatwe nusu, kwa kuwa ndefu hugeuka fimbo. Na tena alinipa sheria moja ya peke yangu. "Mimi nakuamini," alisema, "lakini kukuamini kwangu hakutakusaidia mzazi akija hapa na polisi. Mlango uwe wazi kila saa. Mtoto haendi choo na wewe peke yako. Hata akilia." Nilishika sheria hiyo miaka thelathini na minne, na ninyi wanaume mliokuja nyuma yangu nawaomba muishike bila kununa.

Nilimpenda Nyambura na nilimwonea kijicho. Mtoto akianguka uwanjani, alinipita mimi niliyekuwa karibu, akakimbia hadi kwake upande wa pili na magoti yake yanayovuja damu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nikimwonea wivu mama wa miaka hamsini kwa sababu ya nani atafuta kamasi za nani. Ilinichukua miaka miwili kabla ya mtoto mmoja, bila kufikiri, kunijia mimi kwanza. Nilizunguka nyuma ya tangi la maji nikatabasamu peke yangu kama mjinga.

Kinyozi wa Majengo aliniita Yaya Idi, na wateja wake wote wakalichukua jina hilo. Lakini miaka ilipokwenda, wazazi wakaanza kuambiana kwamba ile nasari ya soko iko na mwalimu mwanaume na watoto wanasoma. Wengine walikuja kuchungulia tu. Nikaanza kunyoosha shati nikiona mtu dirishani. Kile nilichochekewa kikawa kitu changu, na nikakishika kwa mikono miwili.

Karibu mwaka wa nane alikuja Daktari Atieno, mhadhiri wa chuo kikuu kule upande wa Kahawa Wendani. Yeye na wenzake wa nchi nyingine walikuwa wanahesabu wanaume wanaofundisha watoto wadogo, wanarudia hesabu hiyo kila baada ya miaka michache, kisha wanalinganisha. Alinifungulia karatasi ya grafu kwenye meza ya watoto, sisi wawili tumekalia vile viti vidogo, magoti kwenye kidevu. Kila nchi ilikuwa na mstari wake. Mstari wa Norwe ulikuwa unapanda, polepole lakini unapanda. Wetu ulitambaa chini kabisa, umelala juu ya sifuri kama siafu aliyechoka.

"Hata hao wa Norwe bado ni wachache, Mwalimu," alisema. "Wasikutishe."

"Na mimi niko wapi hapo?"

Akacheka, akaleta karatasi nyingine, ya eneo letu, Thika hadi Ruiru. Akaweka ncha ya kalamu juu ya nukta moja. "Huyu ni wewe."

Niliitazama nukta hiyo muda mrefu kuliko ilivyostahili. Tangu hapo nikawa mhesabu wake wa pande hizi. Kila hesabu ilipofika, mwezi wa Julai, nilizunguka shule kwa shule nikiuliza kama kuna mwanaume kwenye madarasa ya chini. Walikuwa wanapita: mmoja alidumu muhula mmoja Juja akapata nafasi ya shule ya msingi, mwingine aliacha kabla watoto hawajajua jina lake. Ikifika Julai, tulikuwa tumebaki mmoja. Nilikuwa nikimwambia Daktari kwamba ninamwonea wivu yule Mnorwe nisiyemjua, aliye na mwenzake wa kunywa naye chai. Nilisema kweli. Ila sikujua kwamba kujaza "mmoja" kulikuwa kumeanza kunipendeza.

Nyambura alistaafu, nami nikahamishiwa Ruiru, shule iliyo upande wa Mugutha, mahali ambapo ukifunga shule Agosti unarudi Septemba unakuta ghorofa mpya imeziba jua la darasa lako. Nilifundisha huko miaka mingi bila tukio la kuandikwa. Halafu, nikiwa nimebakiza miaka sita nistaafu, akaajiriwa Kamau.

Kamau alikuwa kijana wa hapo hapo Mugutha, miaka ishirini na minne, cheti chake bado kinanuka wino. Aliletwa kwa mkataba wa mwaka mmoja, afundishe PP1, darasa la mwanzo la nasari, pamoja nami kwa kuwa watoto walikuwa wamezidi. Alinisalimia kwa mikono miwili.

"Mwalimu Idi, aki nimefurahi. Chuoni tulikuwa tunaambiwa kuna mzee mmoja tu huku. Sasa tuko wawili."

"Karibu," nikasema. Neno "mzee" lilinikwama.

Nataka mjue kwamba hakufanya kosa lolote. Aliuliza kabla ya kugusa kitu. Nilimwambia sheria ya mlango na akaishika. Lakini alikuwa na kitu ambacho mimi nilikitafuta kwa jasho. Akikaa chini, watoto walikuwa tayari wako juu yake. Alichora mbuzi kwa chaki, akausahau mkia makusudi, na darasa zima likapiga kelele za kumsahihisha. Mimi nilichora mbuzi mzima, mwenye mkia, karibu miaka thelathini, na hakuna aliyenipigia kelele. Mwezi haukuisha, wakawa wanamwita Ticha. Mimi wakaanza kuniita Guka, yaani babu.

"Si ni heshima, Mwalimu," Kamau alisema, alipoona uso wangu.

"Ni heshima," nikasema.

Mwaka huo tulikuwa na mtoto anaitwa Njeri, mwenye miaka minne, aliyekuwa hasemi shuleni. Nyumbani alisema, mama yake aliapa, hata alikuwa na kelele. Akipita geti la shule alifunga mdomo. Nilimfanyia kazi karibu mihula miwili. Sikumlazimisha. Nilimpa kazi za kugawa vikombe vya uji ili awe na shughuli na wenzake. Nilikaa karibu naye nikiongea na vifuniko vya soda, nikivipa majina, ili aone kwamba mtu anaweza kusema bila kujibiwa. Nilimwandikia mama yake kila Ijumaa. Alikuwa ameanza kunitingishia kichwa. Nilimhesabu kuwa wangu.

Asubuhi moja nilitoka kuchukua uji jikoni. Niliporudi nilisikia sauti ngeni ndani, nyembamba, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"Ticha, huyo mbuzi hana mkia."

Nilisimama mlangoni na sufuria. Njeri alikuwa ameshika suruali ya Kamau kwa mkono mmoja, mwingine unaonyesha ubao. Kamau alifanya vizuri kabisa, kama ningefanya mimi, hakushangilia, hakumgeukia. Alisema tu, "Kweli, Njeri. Nimuwekee wapi?" Akamjibu, "Hapo nyuma." Halafu Kamau akaniona, macho yamejaa machozi, akanong'ona, "Mwalimu, umesikia?"

Niliweka uji mezani, nikasema vikombe ni vichafu. Nilienda bombani nikaosha vikombe arobaini visafi, kimoja kimoja. Mtu mwenye akili angefurahi kwa ajili ya mtoto. Mimi nilikuwa nahesabu Ijumaa zote nilizoandika, na nikaona zimevunwa na mtu wa miezi mitano.

Julai ilikuwa karibu. Fomu ya Daktari Atieno ikaja, na safari hiyo ilikuwa na barua. Chuo kingewapa wanaume waliokuwa kwenye orodha nafasi ya kusoma diploma ya malezi ya watoto wadogo bila karo, na kuwaalika kwenye mkutano ambapo wageni wa nchi nyingine wangekuwepo. Orodha ya eneo letu ilinitegemea mimi. Mimi nilikuwa na diploma tayari, nimebakiza miaka ya kuhesabu kwa vidole. Nafasi ile ilikuwa ya Kamau kabisa.

Niliijaza fomu jioni moja nikiwa peke yangu darasani. Mahali pa idadi niliandika: mmoja. Nilijiambia kwamba mtu wa mkataba si mwalimu kamili. Fomu haikuuliza hayo. Iliuliza nani yuko darasani Julai. Mimi ndiye niliyeeleza swali hilo kwa shule nyingine zote.

Wiki mbili baadaye Kamau alinijia tukikusanya viti. "Mwalimu, nimesikia chuo inatoa nafasi kwa sisi wanaume wa nasari. Ni ukweli ama ni story ya watu?"

"Sijasikia kitu," nikasema.

"Ukisikia utaniambia?"

"Nitakuambia."

Desemba mkataba wake uliisha. Mwalimu mkuu alisema angependa kumbakisha, lakini kanuni mpya zilitaka mwenye diploma au anayeisoma. Kamau alikuja kuniaga. Aliniachia chaki zake za rangi, akaniambia nimemfundisha mambo mengi. Nilimwambia nafasi nyingine zitatokea. Januari nilihamia PP2 na watoto wale wale; Njeri aliingia darasani, akatazama pembe zote nne, akaniuliza, "Ticha ako wapi?" Aliniuliza hivyo kila asubuhi kwa wiki tatu. Ningependa kuwaambia kwamba alinyamaza tena, ili muone adhabu yangu. Hakunyamaza. Aliongea na watoto, na mpishi, na mlinzi wa geti. Alipochoka kuniuliza, ni mimi tu ambaye hakuniambia kitu tena mpaka alipokwenda darasa la kwanza.

Mkutano ulifanyika mwaka huo uliofuata, Kamau akiwa ameshaondoka. Niliketi mbele, na kadi yenye jina langu kifuani. Daktari Atieno akawasha mashine na mistari ya nchi zote ikatokea ukutani. Wa Norwe ulikuwa umepanda zaidi. Wetu, wa Thika na Ruiru, ulikuwa umenyooka: mmoja, mmoja, mmoja, mmoja. Watu walinigeukia wakapiga makofi. Ile nukta niliyoipenda ilikuwa kubwa kama sahani, na mwaka mmoja kati ya ile yote ulikuwa uongo wa mkono wangu. Hakuna mtu mwingine ndani ya ukumbi aliyejua ni upi.

Kulikuwa na Mnorwe, mtu mzima wa rika langu, mikono kama ya seremala. Aliongea kupitia mkalimani. Alisema mwaka wake wa kwanza alichekwa sana hata akaandika barua ya kuacha. "Sikuipeleka," alisema, "kwa sababu wiki hiyo waliniletea mwanaume wa pili. Hakuwa rafiki yangu. Alikuwa bora kuliko mimi, na nilimchukia miezi michache. Lakini tangu siku hiyo sikuwa tena kituko cha shule. Nilikuwa mwalimu tu." Watu wakacheka. Nami nilicheka, kwa kuwa waliokuwa kando yangu walikuwa wananitazama.

Kisha akanielekea kwa wema kabisa. "Na wewe, Mwalimu? Miaka hii yote, hawakuwahi kukuletea mwenzako?"

"Bado," nikasema.

Nilifundisha miaka mingine minne na neno hilo. Sikulia wala sikukosa usingizi; nataka msinifikirie vizuri kuliko nilivyokuwa. Nilikuwa nakumbuka tu, mara kwa mara, nikikata penseli. Wivu nao haukuondoka na Kamau. Nilikuta chaki zake kabatini nikazigawa zote siku moja ili ziishe.

Mwaka huu nilistaafu. Siku ya kuniaga mlisimama mbele, ninyi walimu wapya, na kati yenu mna wanaume watatu. Mmoja wenu alisema, "Guka Idi alitufungulia mlango." Nilirudi nyumbani nikampigia Daktari Atieno simu kabla sijavua koti. Nilimweleza yote.

"Mwalimu," akasema, "mwaka ule niurekebishe? Niweke wawili?"

"Weka wawili."

"Na uliofuata ni mmoja. Kwa hiyo mstari utapanda halafu ushuke. Kila atakayeuona ataniuliza kwa nini ulishuka."

"Waambie."

"Sitawaambia mimi. Aliyeondoka lazima akubali, na aandike mwenyewe. Nitakutumia fomu." Halafu sauti yake ikabadilika. "Miaka hiyo ningempata kijana kama huyo, Idi, ningeshukuru mpaka kesho." Hakuwa amewahi kuniita Idi bila Mwalimu.

Nilimtafuta Kamau. Mama mmoja wa Mugutha aliniambia yuko Kamakis, anauza nyama choma. Nilikwenda saa nane mchana, wateja wachache. Alikuwa nyuma ya ubao wa kukatia, amenenepa kidogo, aproni nyeupe imejaa damu ya mbuzi.

"Mwalimu Idi! Ebu keti. Nikukatie ya mbavu?"

"Usikate kwanza. Nina kitu cha kukuambia."

Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu barua ya chuo, na fomu, na lile swali aliloniuliza tukikusanya viti. Mkono wake wenye kisu ulisimama, kisha ukaendelea kukata, polepole, vipande vidogo visivyo na haja ya kuwa vidogo hivyo.

"Kwa nini?" akauliza.

"Njeri alisema na wewe."

Akainua macho. "Kwa sababu hiyo tu?"

"Na waliniita Guka."

Alicheka mara moja, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mimi nimekaa hapa miaka mitano nikidhani hao wa chuo waliona jina langu wakanikataa," alisema. "Niliambia mama yangu kazi ya watoto sio ya wanaume, nilijidanganya. Kila mtu nyumbani akakubali. Hata mimi nikakubali." Akafuta mikono. "Huyo mtoto alikuaje?"

"Anaongea. Alikuulizia wiki tatu."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba umesafiri."

Alitikisa kichwa, akatazama barabara. Nilingoja anitukane, na ningeshukuru. Nilimwambia kwamba Daktari bado ana nafasi, na kwamba nitampeleka mwenyewe. Akasema atafikiria, kwa sauti ya mtu anayemwambia mwingine aondoke. Ndipo nikatoa fomu. Alivuta kiti, akakaa upande wa pili wa meza, akajaza jina lake, mwaka, shule, darasa, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni, mzuri, wa mviringo. Nikaona, na Mungu anisamehe, hata hapo niliuonea wivu mwandiko wake.

Alifika kwenye mstari wa mwisho, *Sababu ya kuacha kazi*. Akausoma mara mbili. Kisha akaigeuza fomu ikanielekea mimi, akaweka kalamu juu yake.

"Hapa jaza wewe."

Niliandika jina langu lote, la baba na la babu. Kamau akaisoma akiwa amesimama.

"Andika vizuri hapo mwisho," akasema, "pasomeke." Na akarudi kwenye ubao kumkatia mteja nyama.